Ucheleweshaji wa kundi kwenye kichujio cha FM: VNA inanipa nanosekunde 640, kisha 750, kisha thamani hasi

Mtambo_Kileleni ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Ninafanya kazi na mitambo ya kurushia matangazo ya redio, na kwa sasa nina mezani kichujio cha kaviti tatu cha kupitisha bendi ambacho kimeshushwa kutoka kwenye mnara unaobeba stesheni kadhaa za FM kwa antena moja. Masafa ya wimbi mbebaji ni MHz 98.5, na upana wa kichujio kati ya nukta mbili za kushuka desibeli 3 ni takriban MHz 1. Wenye stesheni wanalalamika kwamba tangu kichujio hiki kifungwe, utenganisho wa stirio (kutochanganyika kwa sauti za kushoto na kulia) umeshuka, ilhali hasara ya kupita ni ndogo na nguvu inayorudi haina tatizo lolote. Ndiyo maana nimeamua kuchunguza ucheleweshaji wa kundi, yaani muda ambao ishara ya masafa fulani huchukua kupita kwenye kichujio, kwa kutumia VNA (kichanganuzi cha mtandao).

Shida yangu ni kwamba kifaa kilekile, kwa kalibresheni ileile ya poti mbili, kinanipa majibu matatu yasiyopatana. Nikifagia upana wa MHz 4 kwa nukta 401, kichujio cha IF (cha ndani ya VNA, kinachozuia kelele) kikiwa kHz 10 na bila ulainishaji wowote, mchoro unakuwa kama nyasi: unacheza juu na chini kwa takriban nanosekunde 50 kila upande, na kwa kukisia katikati yake ni kama 640. Nikifagia bendi nzima ya FM, yaani MHz 88 hadi 108, kwa nukta 201 na ulainishaji wa asilimia 5, napata mstari laini wa kupendeza unaosoma karibu nanosekunde 750 kwenye wimbi mbebaji. Tena nilipopunguza nukta hadi 21 kwenye bendi hiyohiyo na kuzima ulainishaji, ili tu ufagiaji uwe wa haraka, thamani kati ya MHz 98 na 99 ikawa hasi, karibu −250.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, kipi kati ya vipimo hivi kiaminiwe na kwa sababu gani? Pili, inawezekanaje kifaa kisicho na umeme wowote ndani yake, kilichotengenezwa kwa alumini na shaba tu, kionekane kutoa mawimbi kabla hayajaingia?

Dira_ya_Fezi amejibu:

Mkuu, maswali yako yote mawili yana mzizi mmoja, na mzizi huo ni kwamba VNA haipimi ucheleweshaji wa kundi. Inachopima ni fezi (pembe ya wimbi) ya S21, yaani ya ishara inayopita kutoka poti ya kwanza hadi ya pili, katika kila nukta ya masafa, kisha inachukua nukta mbili, inatafuta tofauti ya fezi zake kwa nyuzi, inaigawa kwa 360 mara tofauti ya masafa yake kwa hezi, na kugeuza alama. Tofauti hiyo ya masafa ndiyo ninayoiita dirisha. Thamani yoyote ya ucheleweshaji iliyoandikwa bila kutaja dirisha lake haina maana kamili, na nathubutu kusema kwamba nusu ya mabishano ninayoyasikia kuhusu kipimo hiki yangeisha siku ambayo kila ripoti ingelazimishwa kulitaja.

Tuanze na nyasi zako. MHz 4 kwa nukta 401 ni hatua ya kHz 10, na bila ulainishaji hilo ndilo dirisha lako. Chukulia kwamba kelele ya fezi katika kila nukta, kwa kichujio cha IF cha kHz 10, ni nyuzi 0.05, kiwango cha kawaida kabisa kisichostahili lawama. Kelele ya nukta mbili zisizohusiana huzidishwa kwa 1.41, hivyo tofauti ya fezi ina kelele ya nyuzi 0.07. Ukiigawa kwa 360 mara 10,000 unapata nanosekunde 20 hivi za wastani wa kelele, na jicho linaposoma vilele vyake huona takriban 50 kila upande. Kwa hiyo nyasi hizo hazikutoka kwenye kichujio. Zimetoka kwenye hesabu, kwa sababu umegawanya kelele ndogo kwa dirisha dogo mno.

Sasa ile 750, ambayo ni hatari zaidi kwa sababu inapendeza. Ulainishaji wa asilimia 5 juu ya MHz 20 ni dirisha la MHz 1, ambalo ni sawa na upana mzima wa kichujio chako. Hapo hukuuliza ucheleweshaji kwenye wimbi mbebaji ni kiasi gani. Umeuliza wastani wake kutoka ukingo mmoja wa kichujio hadi mwingine. Kichujio cha kaviti tatu chenye mwitikio ulio karibu na wa Butterworth (aina ya kichujio chenye bendi bapa) huchelewesha fezi kwa nyuzi 135 kutoka katikati hadi ukingo wa desibeli 3, hivyo kutoka ukingo hadi ukingo ni nyuzi 270. Gawanya 270 kwa 360 mara milioni moja: unapata nanosekunde 750 kamili. Ucheleweshaji wa kweli katikati ya kichujio kama hicho ni 2 gawanya kwa pai mara upana wa bendi, yaani nanosekunde 637, na unapanda taratibu hadi nundu mbili za takriban 870 zilizo karibu kHz 410 kila upande wa katikati, ndipo unaposhuka tena. Dirisha lako la MHz 1 limemeza bonde na nundu zote mbili kwa pamoja. Mstari umekuwa laini kwa sababu habari uliyokuwa ukiitafuta imefutwa, na wala si kwa sababu kipimo ni safi.

Ile thamani hasi ni ya aina nyingine. Nukta 21 juu ya MHz 20 zinaweka hatua ya MHz 1, na kati ya MHz 98 na 99 fezi ya kichujio chako imerudi nyuma karibu nyuzi 270. Kifaa hakina namna ya kujua kama mshale wa fezi umezunguka nyuzi 270 kurudi nyuma au nyuzi 90 kwenda mbele, kwa sababu pande zote mbili unaishia mahali pamoja, na kwa kanuni yake huchagua njia fupi. Nyuzi 90 kwenda mbele, kwa dirisha la MHz 1, ni −250 kamili. Hakuna muujiza wowote wa mawimbi kutoka kabla ya kuingia. Kanuni ya kushika ni kwamba fezi isibadilike kwa zaidi ya nyuzi 180 kati ya nukta mbili zinazofuatana, na kwa usalama mimi sipendi zifike hata 60. Kwa kichujio chenye nundu za nanosekunde 870, hatua isizidi kHz 190 hivi. Wenye vichanganuzi vidogo vya mkononi vyenye nukta 101 wanapaswa kuliangalia hili kwa makini, kwa maana wengi hufagia kutoka chini kabisa hadi MHz 300, hatua inakuwa MHz 3, na mchoro wa ucheleweshaji unaotokea hapo hauna uhusiano na kitu chochote kilichounganishwa.

Naongeza jambo moja ambalo si wengi wanaolitilia maanani. Ulainishaji wa mchoro wa ucheleweshaji si sawa na wastani wa kawaida wa kelele. Ukichukua tofauti kumi za fezi zinazofuatana na kuzijumlisha, nukta zote za katikati hufutana, zikabaki ya kwanza na ya mwisho pekee. Kwa hiyo ulainishaji wa hatua kumi ni sawa kabisa na kutumia dirisha pana mara kumi, na kelele hupungua mara kumi, wala si kwa kipeuo cha pili cha kumi kama mtu angetarajia. Hiyo ni faida kubwa, lakini hailetwi bure, kwa kuwa inalipwa kwa undani wa masafa.

Ushauri wangu: baki na MHz 4 kwa nukta 401, weka ulainishaji wa hatua kumi ili dirisha liwe kHz 100, kisha punguza kichujio cha IF kutoka kHz 10 hadi Hz 100. Dirisha litashusha kelele kutoka 20 hadi 2, na kichujio cha IF, kwa kuwa kimepunguzwa mara mia, kitaishusha mara kumi zaidi. Ufagiaji utachukua sekunde kadhaa, jambo ambalo kwa kichujio kilichotulia mezani halina madhara. Kwa dirisha la kHz 100 kosa la kupindisha mchoro karibu na wimbi mbebaji ni kama nanosekunde 1, na kwenye vilele vya nundu utasoma pungufu kwa takriban 7. Ukiona hilo halikuridhishi, tumia kHz 50.

Sikio_la_Bati amejibu:

Ninaafiki hesabu, ila ningependa kusema kwamba binafsi sipendi ulainishaji ubaki umewashwa kwenye kifaa, hata ukiwa na faida hiyo iliyoelezwa hapo juu. Katika vifaa vingi umewekwa kwa asilimia ya upana wa ufagiaji, hivyo mtu akibadilisha upana bila kugusa kitu kingine, dirisha hubadilika kimyakimya, na vipimo viwili vilivyohifadhiwa kwa jina moja vinakuwa vya vitu viwili tofauti. Kwa muulizaji pia dirisha lilibadilika bila yeye kulitambua. Njia ninayoipendelea ni kuhifadhi fezi ghafi katika faili, kisha kukokotoa ucheleweshaji kwa lahajedwali kwa madirisha mawili au matatu tofauti na kuyaweka juu ya mchoro mmoja. Michoro ikikubaliana katika eneo fulani, eneo hilo limepimwa. Ikiachana kwa namna ya nyasi, dirisha dogo limezidiwa na kelele, na ikiachana kwa namna ya vilele vinavyozidi kujaa na kupoteza umbo, dirisha kubwa limezidi.

Zingatia pia kwamba nje ya bendi inayopita, nyasi hurudi hata kama mipangilio ni mizuri. Ishara inaposhuka desibeli 60 na sakafu ya kelele ya kifaa iko kwenye −100, unabaki na desibeli 40 tu za nafasi, na kelele ya fezi inafika nyuzi 0.4. Usijaribu kufasiri chochote huko. Ninapochora mchoro wa ripoti huwa nafuta kabisa ucheleweshaji katika masafa ambayo S21 iko chini ya −30, ili msomaji asivutwe na vitu visivyokuwepo.

Mtambo_Kileleni amejibu:

Nawashukuru sana. Nimefuata mpangilio wa dirisha la kHz 100 na IF ya Hz 100, kisha nimekokotoa pia kwa kHz 50 kutoka kwenye fezi ghafi, na michoro yote miwili inakubaliana ndani ya nanosekunde 2 kwa kHz 200 kila upande wa wimbi mbebaji. Nimepima pia S12 (upande wa kinyume) na inalingana na S21 kwa kiwango hichohicho.

Matokeo ni haya. Kwenye wimbi mbebaji ucheleweshaji ni nanosekunde 639. Kwa kHz 130 chini yake ni 646, na kwa kHz 130 juu yake ni 684. Nundu ya chini iko kHz 455 chini ya wimbi mbebaji na nundu ya juu iko kHz 365 juu yake. Nimechagua kHz 130 kwa kuwa kwa kanuni ya Carson, mkengeuko wa kHz 75 (kiasi ambacho sauti husogeza wimbi mbebaji) na ishara ya stirio inayofika kHz 53 vinahitaji upana wa kHz 256.

Sasa swali langu ni kuhusu hii tofauti ya nanosekunde 38 kati ya upande wa chini na wa juu. Je, ni ya kichujio kweli, au inaweza kuwa imeletwa na kebo zangu mbili za mita 1.5 na adapta za kutoka konekta ya N kwenda konekta kubwa ya kichujio, ambazo hazikuwemo kwenye kalibresheni? Na kama ni ya kweli, je, ndiyo inayoharibu stirio?

Dira_ya_Fezi amejibu:

Kuhusu kebo na adapta, jibu ni hapana, na ni vizuri kuonyesha kwa nini, badala ya kukuomba uamini tu. Urefu wa ziada wa adapta huongeza ucheleweshaji ulio sawa katika masafa yote, nanosekunde moja au chini ya hapo, na kitu kilicho sawa kila mahali hakiwezi kuzaa tofauti kati ya kushoto na kulia. Kinachoweza kuzaa tofauti ni mawimbi yanayodunda kati ya sehemu mbili zisizolingana. Ukubwa wa viwimbi vyake kwenye mchoro wa ucheleweshaji ni zao la viakisi viwili mara muda wa kwenda na kurudi kati yake. Kebo ya mita 1.5 yenye dielektriki ya polithini ina takriban nanosekunde 5 kwa mita, hivyo kwenda na kurudi ni 15. Hata tukichukulia kwamba kichujio kinarudisha nguvu yote na poti ya kifaa ina kiakisi cha 0.1, kiwimbi hakizidi nanosekunde 1.5, tena kwa mzunguko wa MHz 66 ambao katika kHz 260 zako hauonekani hata kidogo. Ungekuwa umepima mnarani kwa kebo ya mita 20, ningekujibu vingine: hapo muda ni 200, kiwimbi ndani ya bendi kinafika 2 na pembezoni 20, na ningekutaka ufunge atenueta za desibeli 10 kwenye ncha za kebo kabla hatujaendelea.

Kulingana kwa S21 na S12 ni ushahidi mwingine mzuri, kwa sababu kichujio cha aina hii lazima kicheleweshe sawa pande zote mbili. Ukitaka uhakika wa mwisho, toa kichujio na uweke mahali pake kebo ya mita 10 unayoijua. Inapaswa kusoma karibu 50 na kubaki bapa.

Kwa hiyo tofauti ni ya kichujio, na namba zako zenyewe zinasema chanzo chake. Nundu ziko 455 chini na 365 juu, hivyo katikati yake ni kHz 45 chini ya wimbi mbebaji. Nadhani ukiangalia ukubwa wa S21 utakuta nukta za desibeli 3 nazo zimesogea hivyohivyo, kama 545 chini na 455 juu. Kichujio kimesetiwa kHz 45 chini ya mahali pake, basi. Umbo lenyewe ni zima, kwa kuwa ukihamisha mchoro wa kinadharia kwa kHz 45 unapata 646 na 684 zilezile ulizozisoma.

Kabla hujagusa skrubu, fikiria joto. Alumini hutanuka kwa sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi, hivyo kaviti ya alumini isiyo na fimbo ya invari (aloi isiyotanuka sana kwa joto) hushuka masafa kwa karibu kHz 2.3 kwa kila nyuzijoto. Kama ulikipima kikiwa baridi mezani, kikiwa kazini na joto limepanda kwa nyuzijoto 20, kitakuwa kHz 45 nyingine chini. Kukiseti katikati kikiwa baridi ni kukiseti vibaya. Kisetiwe juu kidogo ya wimbi mbebaji, kwa kiasi ambacho joto la kazi litakirudisha, na kiasi hicho kinapatikana kwa kukipima mara tu kinapotolewa kwenye nguvu, kabla hakijapoa.

Kigezo_Stirio amejibu:

Wakuu, kazi ya upimaji imefanyika vizuri na sina la kuongeza hapo. Ila nitakuwa mkorofi kuhusu swali la mwisho la muulizaji, kwa sababu naona tunaelekea kukihukumu kichujio kwa kosa ambalo hakina uwezo wa kulitenda.

Tuhesabu. Ucheleweshaji unapokuwa na mteremko, yaani upande mmoja wa wimbi mbebaji unachelewa kuliko mwingine, ishara iliyotolewa kwenye FM hupata harmoniki ya pili. Kwa mabadiliko ya polepole kama haya, uwiano wa harmoniki hiyo ni pai mara masafa ya sauti mara kiasi ambacho ucheleweshaji umebadilika kutoka katikati hadi kilele cha mkengeuko. Kwa kichujio chako kilichosogea kHz 45, ucheleweshaji kwa kHz 75 juu ni karibu 657 na kwa kHz 75 chini ni 638, hivyo sehemu ya mteremko ni nusu ya tofauti, nanosekunde 9.5. Kwa sauti ya kHz 15 unapata 0.00045, sawa na asilimia 0.045, au desibeli 67 chini. Harmoniki hiyo inaangukia kHz 30, ndani ya eneo la kHz 23 hadi 53 linalobeba tofauti ya kushoto na kulia, na kwa njia hiyo kweli inavuja kutoka njia kuu (jumla ya kushoto na kulia) kwenda njia ya stirio. Lakini inavuja ikiwa desibeli 67 chini. Hata kichujio kikipata joto na kusogea hadi kHz 135 kutoka mahali pake, mteremko unafika nanosekunde 34 na uvujaji unafika −56. Hakuna msikilizaji atakayepiga simu studio kwa sababu ya −56.

Sehemu ya ucheleweshaji iliyo sawa pande zote, lile bonde la katikati, nayo nimeipima kwa macho ya utenganisho. Katika kHz 53, fezi ya kichujio cha MHz 1 inaachana na mstari ulionyooka kwa sehemu ndogo mno ya nyuzi moja. Na zile nanosekunde 639 zenyewe hazidhuru chochote, maana ishara yote inachelewa kwa pamoja, kama matangazo yote yangehamia mnara ulio mbali zaidi kwa mita 190.

Linganisha na kinachohitajika ili kuharibu stirio. Utenganisho wa desibeli 40 unapotea pale jumla ya kushoto na kulia inapotofautiana na tofauti yake kwa asilimia 2 za ukubwa, au kwa nyuzi 1.15 za fezi. Makosa ya kiwango hicho hayatoki kwenye kichujio cha RF chenye upana wa MHz 1. Yanatoka kwenye njia ya ishara ya stirio kabla haijafika kwenye moduleta: kiungo cha kutoka studio hadi mnarani kinachobeba ishara yote hadi kHz 53 na kuanza kushuka mapema, kebo ndefu yenye kapasitansi kubwa kwenye pato la jenereta ya stirio, pembejeo ya eksaita (hatua ya kwanza ya transmita, inayozalisha ishara ya FM) iliyowekewa kichujio cha kupitisha chini ambacho hakikusudiwa stirio, au fezi ya toni ya kHz 19 inayoongoza stirio iliyosogezwa. Mara nyingi kichujio kipya kinapofungwa mnarani, mafundi hugusa na mambo mengine siku hiyohiyo, na lawama hukiangukia kile kinachoonekana.

Kuna kitu kimoja ambacho meza yako haiwezi kukuonyesha. VNA inapima kichujio kikiwa kimezungukwa na omu 50 safi pande zote mbili. Mnarani, upande mmoja kuna transmita ambayo pato lake kwa kawaida halilingani na omu 50, na upande mwingine kuna fida (kebo ya kupandia antena) na antena. Fida ya mita 60 yenye kasi ya 0.88 ina nanosekunde 455 za kwenda na kurudi. Antena ikiwa na SWR (kipimo cha kutolingana) ya 1.5 na transmita ikirudisha nusu ya volti inayoifikia, mwangwi huo unazaa viwimbi vya nanosekunde 45 kila upande, kwa mzunguko wa MHz 2.2. Mteremko wake katika kHz 75 unafikia takriban nanosekunde 10, kiasi kilekile cha kosa la kichujio chako, na nao hautoshi peke yake. Ila ukisema nguvu inayorudi "haina tatizo", ningependa kujua ilisomwa wapi: kabla ya kichujio au baada yake, kwa sababu kichujio chenyewe huficha sehemu ya kinachorudi kutoka juu.

Seti kichujio kama alivyoelekeza Dira, kwa kuwa kimetoka nje ya mahali pake na hakuna sababu ya kukirudisha mnarani kikiwa hivyo. Lakini kabla ya kukipandisha, fanya kipimo hiki chumba cha mitambo. Weka jenereta ya stirio moja kwa moja kwenye eksaita, bila kiungo cha studio, toa sauti ya kHz 1 na kisha kHz 10 upande wa kushoto pekee, na upime kinachotokea kulia kwa kipokezi cha upimaji kilichounganishwa kwenye kiopoa nguvu (kinachochukua sehemu ndogo ya ishara). Kwanza pima transmita ikiwa kwenye mzigo bandia bila kichujio, halafu kichujio kikiwa katikati na mzigo bandia baada yake, na mwisho antena ikiwa mahali pa mzigo. Kisha rudia hali ya kwanza kwa ishara inayotoka studio kupitia kiungo. Namba zikishuka tu unapounganisha kiungo, VNA unaweza kuirudisha kwenye sanduku lake, na ulete hapa mwitikio wa kiungo hicho kutoka kHz 0.05 hadi 53.